Ujaji wa mahakama ya juu ya jimbo Marekani: Wisconsin au Massachusetts?

Kazi ni ileile, majaji saba kila upande, ila njia ya kufika kwenye kile kiti ni mbingu na ardhi. Wisconsin unapigiwa kura, miaka 10 kwa mkupuo, kwa hiyo jaji anazunguka kaunti kwa kaunti anapeana mikono na watu, anarekodi matangazo ya tivii, anachangisha hela, na mwaka 2025 Susan Crawford alipomshinda Brad Schimel pesa zilizomwagika pande zote zilipita dola milioni 90, Elon Musk naye akamwaga zake upande wa Schimel, jamani huo ni uchaguzi wa jaji sio wa rais! Halafu uje uvae joho uamue kesi ya mtu aliyekuchangia... mi siwezi.

Massachusetts gavana anakuteua, baraza lake linakuhoji na kukupigia kura, basi, unakaa mpaka ufikishe 70. Margaret Marshall, mzaliwa wa Afrika Kusini, ndo aliandika hukumu ya 2003 iliyofungua ndoa za jinsia moja, watu wakawaka kweli, ila kiti akabaki nacho mpaka alipostaafu mwenyewe 2010. Ingekuwa Wisconsin hapo angekuwa anaomba kura. Ubaya wake, kama gavana hakujui utasubiri sana, na mwananchi hana debe la kumtolea jaji aliyemchoka.

Mi nachukua Massachusetts.