Miwani ya njano, globu za LED na fundi wa taa: uzoefu wangu wa kuendesha usiku Tanga–Muheza

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Kama taa za magari yanayokuja zinakuumiza macho usiku na una hela ya kufanya jambo moja tu, mpelekee fundi taa zako mwenyewe. Zisuguliwe, zipigwe klia (ile vanishi angavu ya kupuliza), kisha zipimwe ukutani. Miwani ya njano iache dukani. Zile globu za LED za kuchomeka kwenye taa ya kawaida usizifunge hata ukipewa bure. Sababu zangu ndizo hizi, na hakuna aliyenilipa kuziandika.

Mimi nauza machungwa na viungo. Mzigo nauchukua Muheza, mara nyingine napanda hadi Amani kufuata iliki na pilipili manga, halafu nashusha mjini Tanga, soko la Mgandini. Gari langu ni Probox. Msimu wa machungwa ukichanganya, kuchuma kunakwenda mchana kutwa, kupakia kunaisha jioni, na mimi nakamata barabara giza limeshaingia. Barabara yenyewe mnaijua: gari moja kwenda, moja kurudi, katikati hakuna kitu ila mstari. Kuna mabasi ya Dar, kuna malori ya saruji ukikaribia Pongwe, kuna bodaboda zisizo na taa ya nyuma, na kuna watu wanaorudi makwao kwa miguu na baiskeli. Taa kali ikikupiga usoni, kwa sekunde kadhaa ukingo wa lami wa kushoto unakupotea, na hapo ukingoni ndipo watu walipo. Hilo ndilo linaloninyima raha. Macho kuuma navumilia.

Miwani nilinunua mjini kwa muuzaji wa mkononi, shilingi 15,000, fremu nyepesi na lenzi za njano. Ukiivaa mara ya kwanza unaipenda. Weupe mkali wa taa unalainika, kila kitu kinaonekana kama kimepambwa, na macho yanajisikia yamepumzika. Ila jioni moja, nimeshapita Pongwe naelekea mjini, mbele yangu akatokea mzee anasukuma baiskeli yenye gunia la mkaa, shati lake la rangi ya udongo. Nilimwona amekaribia mno kwa mwendo niliokuwa nao. Nikaivua miwani nikaiweka kwenye dashibodi, na kutoka hapo hadi Kange niliona wazi kwamba vitu vyeusi kando ya njia navitambua mapema zaidi bila miwani kuliko nikiwa nayo.

Na ukifikiri, haiwezi kuwa vinginevyo. Lenzi yenye rangi inakula mwanga, na haichagui. Inapunguza ule wa lori linalokuja, na inapunguza vilevile ule mdogo unaogonga shati la mtu gizani ukakurudia. Usiku mwanga wenyewe ni haba, huwezi kuupunguza halafu ukatarajia kuona zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya macho ya Schepens, mjini Boston, Marekani, waliwakalisha watu kwenye kifaa cha kuigiza udereva wa usiku, wakawapa miwani hizi na kuwapiga taa usoni. Hazikuwasaidia kumwona mtembea kwa miguu mapema zaidi. Nimeiweka yangu kabatini.

Miwani ya kupimiwa ni jambo jingine kabisa, msichanganye. Kama taa unaziona zimeota miale mirefu, au kila taa ina pete kuizunguka, nenda ukapimwe macho. Huenda ni umbo la jicho linalohitaji lenzi yake, na kwa watu wazima huenda ni mtoto wa jicho anaanza. Hayo hakuna gereji itakayoyaondoa.

Sasa fundi, ambaye hasa ndiye nilitaka kuandika habari zake. Yuko upande wa Ngamiani, kijana mtulivu, gereji ni banda la mabati lenye kiwanja cha sakafu tambarare na ukuta mrefu uliopakwa chokaa. Kazi yake kubwa ni umeme wa magari, kusugua taa anafanya pembeni. Nilimpelekea Probox taa zikiwa zimepauka, globu ndani huioni.

Taa za magari yetu haya si kioo. Ni plastiki ngumu, polikaboneti, na hutoka kiwandani ikiwa na utando mwembamba wa kuikinga na jua. Jua la pwani likishaula ule utando, plastiki inageuka njano na kuota vinyufa vidogo vidogo. Hapo unapata hasara mbili kwa mpigo. Mwanga wa mbele yako unapungua, na ule unaofanikiwa kutoka unatawanyika ovyo hadi machoni mwa anayekuja. Yeye anadhani umemwashia fulu, naye anakujibu kwa fulu. Mimi naamini ugomvi mwingi wa taa tunaouona barabarani unaanzia hapo, kwa watu wawili ambao wote wameshusha taa.

Alianza kwa kuziba boneti na bampa kwa utepe wa karatasi ili asije akakwangua rangi. Akaloweka msasa wa maji namba 800, akasugua kwa kwenda na kurudi upande mmoja, hazungushi mkono, huku msaidizi wake anamwagia maji kidogo kidogo. Yale maji yakateremka juu ya bampa mazito, ya manjano, kama tui lililotiwa binzari. Kila akisugua manjano inapungua. “Yakitoka meupe, mama, ujue utando wa zamani umekwisha,” akaniambia, na hakuhama namba mpaka yalipotoka meupe kweli. Akapanda 1500, kisha 2000, kisha 3000. Kwa hatua hiyo taa ilikuwa imejaa ukungu mweupe, nikaingiwa na hofu kwamba ameiharibu. Akaikausha, akaifuta kwa spiriti, akapuliza klia yenye kinga ya jua mikono miwili. Ukungu ukatoweka mbele ya macho yangu. Niliona globu, niliona bakuli la ndani linalong'aa, niliona hata herufi za kiwanda zilizochongwa kwenye plastiki.

Hiyo klia ndiyo kazi yenyewe. Mpwa wangu aliwahi kunisugulia taa hizi hizi kwa dawa ya meno, zikang'aa siku ile, na kabla masika hayajaisha zikawa zimepauka kuliko mwanzo. Dawa ya meno ni msasa laini tu. Inaondoa uchafu na kuiacha plastiki uchi, na jua linaanza kuila upya. Wale wanaopiga kompaundi peke yake na kukukabidhi gari likiwa linameta, matokeo ni yale yale. Ukifika kwa fundi muulize swali moja kabla ya bei: unamalizia na nini? Akijibu polishi, nenda kwa mwingine.

Klia ilipokauka akalisogeza gari mbele ya ule ukuta wa chokaa, na hapa ndipo aliponifurahisha zaidi. Alipima upepo wa matairi kwanza. Akalirudisha gari mita 5 kutoka ukutani, akapima kutoka sakafuni hadi katikati ya kila taa, akaweka alama ukutani kwa kalamu, halafu akaweka alama nyingine sentimita 5 chini yake. Ukishusha taa, mstari wa juu wa mwanga unatakiwa ukae kwenye alama ya chini. Hesabu yake ni asilimia moja: ukiwa mita 10 inashuka sentimita 10. Taa yangu ya kushoto ilikuwa karibu na sawa. Ya kulia, ambayo ndiyo iliyo upande wa magari yanayokuja, ilikuwa imepanda hadi juu ya alama zote mbili. Alizungusha skrubu iliyo nyuma ya taa kwa bisibisi, taratibu, mpaka ikakaa. Miezi yote hiyo wale waliokuwa wakinipigia fulu walikuwa na haki yao.

Pale ukutani utaona pia kwamba mwanga umekatwa sawa upande wa kulia, na upande wa kushoto unapanda kidogo ili kumulika ukingo. Hivyo ndivyo taa za nchi zinazopita kushoto zilivyo, sisi na Japani sawa. Ukinunua taa ya mtumba ukaona inapanda kulia, ujue ilitengenezwa kwa nchi wanazopita kulia, na kwetu itammulika usoni kila anayekuja. Skrubu haitairekebisha.

Nikamwomba apime tena gari likiwa na mzigo, maana mimi siendeshi tupu. Tukapakia matenga ya machungwa nyuma. Nyuma ikakaa, pua ikainuka, na mwanga ukapanda juu ya alama palepale tunatazama. Magari mengi ya Japani yana kidude kwenye dashibodi chenye namba kuanzia 0, kazi yake ni hiyo: ukiongeza namba, taa zinashuka. Changu kilikuwa hakifanyi kazi. Fundi akafungua soketi zake, akasafisha kutu, kikarudi. Siku hizi nikipakia Muheza nakigeuza kabla sijaondoka, nikishusha Mgandini nakirudisha 0. Kama unabeba abiria watatu nyuma au mzigo wowote wa maana, kijaribu chako leo usiku mbele ya ukuta wa nyumba.

Kwenye duka la spea nilipopita walinishauri nitoe globu zangu za H4, zile za waya zenye kushusha na kupandisha ndani ya globu moja, nifunge za LED, ati “mwanga wa kizungu”. Nilikataa, na sababu niliiona kwa macho kwenye ukuta ule ule, kwani shemeji yangu amezifunga kwenye Noah yake na tulikuja wote siku ile. Ya kwangu ilichora mstari ulionyooka, chini mwanga, juu giza. Ya kwake haikuchora mstari wowote. Mwanga ulimwagika ukuta mzima hadi kwenye mabati ya paa. Bakuli la taa ya H4 limeundwa kwa waya mdogo wa moto uliokaa mahali pake hasa, wati 55 ukishusha na 60 ukipandisha, na chini ya ule waya wa kushusha kuna kikinga cha chuma kinachozuia mwanga usipande. Ukiweka vijitaa vya LED visivyokaa pale pale, bakuli linarusha mwanga kila upande. Wewe unaona weupe mwingi karibu na gari ukafurahi, na dereva wa basi anayekuja anapofuka. Gari lililotoka kiwandani na taa zake za LED ni sawa, taa nzima imeundwa kwa ajili hiyo. Globu za wati 100 nazo zinauzwa mjini. Hizo zinayeyusha soketi na nyaya, sizitaki karibu na gari langu.

Kioo cha mbele nilikisafisha mwenyewe nyumbani, na kwa kazi ya bei ndogo namna hii ningeiweka ya pili baada ya taa. Nje kila mtu anaosha. Ndani hatugusi. Dashibodi ikichemka juani inatoa mvuke unaoganda kwenye kioo, mchana huuoni, na usiku ndio unaoifanya taa moja iwe ukungu wa mwanga kioo kizima. Nilifuta kwa siki na maji kwa kitambaa cheupe, kikatoka cha kijivu. Nikabadilisha na raba za waipa. Tukiwa karibu na bahari namna hii, kila kinachobaki kwenye kioo kina chumvi, na raba iliyokatika inaisambaza tu.

Lawama kwa fundi ninazo. Aliniahidi kazi ya muda wa saa mbili tu, gari nikalichukua jioni. Anapulizia klia kwenye uwazi, upepo ukaleta vumbi, na taa ya kushoto ina chembe mbili zilizogandia ndani ya klia. Usiku hazisumbui, ila mchana naziona kila nikifungua boneti. Hana risiti wala karatasi ya dhamana. Masika yalipoanza taa ya kulia ikaingiza unyevu ndani, na ingawa alifungua na kuziba upya bila kunitoza, alipaswa kuiangalia ile gundi mapema, siku ya kwanza. Kwa taa zote mbili na kupima nilimlipa shilingi 45,000 baada ya kuvutana kidogo. Nampa nne kati ya tano.

Kilichobadilika ni hiki. Taa za wengine zipo vilevile, kuna malori yanakuja yamewasha fulu na hayashushi hata ukiyaomba. Lakini sasa ukingo wa kushoto nauona kwa taa zangu hata katikati ya kupishana. Jirani yangu mmoja, mzee aliyeendesha mabasi maisha yake yote, alinifundisha kuyatupa macho kwenye mstari wa kushoto na kuachia mafuta kabla hatujafikiana, na ushauri huo zamani ulinishinda kwa sababu mstari wenyewe nilikuwa siuoni. Wanaonipigia fulu wamepungua sana. Usiku nikiwa na mzigo naenda 60, wenye haraka wanipite.

Noah ya shemeji inaingia kwa fundi wiki ijayo. Globu za kawaida zinarudi, taa zinasuguliwa na kupimwa, na nimemwambia aje na watoto wote garini siku ya kupima, maana ndivyo anavyoliendesha.