Seti ya kujenga fuwele: fremu ileile moja imenipa shaba, chumvi na almasi

Nimekaa na hii seti mwezi mzima sasa, nimeijenga na kuibomoa mara nyingi, na kitu kimoja ndo kimenifanya nikae chini niandike. Ndani kuna fremu moja ya mchemraba, ile yenye nukta kwenye kona zote nane na nukta nyingine katikati ya kila uso. Kwa fremu hiyohiyo moja nimejenga shaba, kisha chumvi, kisha almasi, na sikugusa hata kijiti kimoja cha fremu, nilichobadilisha ni vile vipande vidogo vya kupachika tu. Shaba unaikunja kwa mkono na inapitisha umeme vizuri sana, almasi haipitishi umeme na ndo kitu kigumu kuliko karibu vyote tunavyovijua, na mifupa yao chini ni ileile. Hili nilikuwa nimelisoma miaka mingi nyuma ila kusoma na kulishika mkononi ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na mambo haya, fuwele yoyote (yani kitu kigumu ambacho atomu zake zimepangwa kwa kujirudia) ina sehemu mbili na watu wengi (hata walimu) wanazichanganya. Kuna latisi, ambayo ni nukta tupu zilizopangwa kwa kujirudia, hazina uzito wala rangi, sharti lake ni kwamba ukisimama kwenye nukta yoyote ile ukaangaza pande zote uone kitu kilekile, kwa umbali uleule na mwelekeo uleule. Alafu kuna kikundi cha atomu, yani kile unachokitundika kwenye kila nukta, kinaweza kuwa atomu moja tu, mbili, kumi na mbili, na kwenye fuwele za protini ni maelfu. Ukichukua kikundi kimoja ukakirudia kwenye kila nukta ya latisi bila kuruka hata moja, unapata muundo wa fuwele. Hamna kingine cha tatu kinachoongezwa hapo.

Seti nyingi za vipira na vijiti nilizowahi kushika zinakupa atomu na vifito vya kuziunganisha basi, mwisho wa siku una kitu kizuri cha kuweka juu ya kabati lakini hujui latisi iko wapi na kikundi kiko wapi. Hawa wamevitenganisha kweli. Fremu ina nukta nyeusi ndogo zisizo na atomu yoyote, vikundi viko kwenye mfuko wake peke yake, na hapa kwenye kupachika ndo wamenifurahisha zaidi: kila nukta ina kitundu chenye mkato upande mmoja, na kila kipande kina jino dogo, kwahiyo kipande kinaingia kwa mwelekeo mmoja tu. Huwezi kukigeuza. Mwanzoni nilidhani ni usumbufu, nikawa nalazimisha, kumbe lile jino ndo fundisho lenyewe, maana kikundi lazima kikae vilevile kwenye kila nukta, ukikigeuza kwenye nukta moja tu basi zile si nukta za latisi moja tena.

Hebu niwaonyeshe na ubao bapa unaokuja nayo. Una matundu yaliyopangwa kwa pembetatu, yote mikato yake inatazama upande mmoja. Nilitaka kujenga grafini, lile tabaka moja la kaboni lililo kama sega la nyuki, nikachukua kipande cha kaboni moja yenye mikono mitatu nikakipachika, kimeingia safi. Nikachukua cha pili nikakiweka jirani yake ambapo mkono wa kwanza unaishia, kikagoma. Ili mikono ikutane ilibidi nikigeuze nyuzi 180, na jino halikubali. Yani kaboni jirani kwenye sega hazioni dunia sawa, mmoja akiwa na majirani mmoja juu na wawili chini, mwenzake ana wawili juu na mmoja chini, kwahiyo sega lenyewe SIO latisi japo linajirudia vizuri machoni. Dawa yake imo kwenye mfuko: kipande chenye kaboni mbili zilizoshikana. Hicho ukikipachika kwa kuruka matundu inavyotakiwa kinakubali kila mahali na sega linajitokeza lenyewe. Kati ya kaboni na kaboni ni nanomita 0.142, lakini hatua ya latisi, yani kutoka nukta hadi nukta jirani, ni 0.246, na kwa mara ya kwanza nikaona kwanini namba hizo ni mbili.

Turudi kwenye mchemraba. Shaba ni rahisi, kikundi ni atomu moja, kila nukta kipira kimoja umemaliza, upande wa mchemraba halisi ni nanomita 0.361. Almasi kikundi ni kaboni mbili, ya kwanza iko kwenye nukta na ya pili imesogea ndani kwa mshazari, robo ya ule mstari unaotoka kona moja kwenda kona ya mbali kabisa. Ukishapachika vyote unakuta kila kaboni imezungukwa na wenzake wanne na hakuna aliyekuambia uweke wanne, wametokea wenyewe. Silikoni ni hivohivo ila imepanuka, 0.543 badala ya 0.357. Na ukitumia kipande ambacho kipira kimoja ni zinki na cha pili ni salfa unapata salfidi ya zinki, mpangilio uleule wa almasi.

Chumvi ndo ilituweka mezani usiku kucha mimi na mpwa wangu ambaye yuko mwaka wa kwanza chuo. Kipande cha chumvi ni klorini ya kijani na mkono mfupi unaofuata ukingo hadi nusu, mwisho wake kuna sodiamu ya kijivu. Tumepachika vyote 14, akakaa akaiangalia muda, akasema, "Mjomba hii imekosewa, kijivu tano zimetoka nje ya boksi kule, na huku kwetu kuna mapengo manne." Na kweli, picha ya vitabuni inaonyesha mchemraba umejaa vizuri, kijani 14 na kijivu 13, yetu ilikuwa imeota pembe upande mmoja. Nikamwambia chukua fremu ya pili ishike kando ya hii, upande wa kushoto. (Fremu ya aina hii zimo mbili, nadhani kwa kazi hiihii.) Akapachika vipande kwenye uso wa kulia wa hiyo fremu ya pili kwanza, akaisogeza taratibu ili kuona mikono itafika wapi, akaona kwamba mapengo yetu manne yanazibwa na vipande vya nukta zilizo kushoto zaidi, kama vile tano zetu zilizotoka zinavyoingia kwa jirani wa kulia. Fuwele haiishii kwenye boksi, boksi ni sisi tumelichora.

Alafu akauliza la maana zaidi, mbona kitabuni kijani ni 14 na kijivu 13 wakati chumvi ni moja kwa moja? Tukahesabu kwa kushika. Kipira cha kona kinagawanwa na michemraba 8, cha katikati ya uso kinagawanwa na 2, cha kwenye ukingo na 4, cha tumboni ni chetu peke yetu. Kijani: kona 8 zinatoa 1, nyuso 6 zinatoa 3, jumla 4. Kijivu: kingo 12 zinatoa 3, na ya tumboni 1, jumla 4. Sawa kwa sawa. Akachukua upande wa 0.564, jozi 4, akapiga hesabu ya msongamano akapata gramu 2.16 kwa kila sentimita ya ujazo, ndo msongamano wa chumvi kweli. Alivyoiona ile namba alisimama. Mtu anapima chumvi kwenye mizani na mwingine anahesabu vipira mezani na wanakutana palepale, mi hicho kitu bado kinanigusa.

Sasa malalamiko, na la kwanza ni zito. Kijitabu cha maelekezo kina kosa kwenye ukurasa wa kloridi ya sesiamu, kimeandika kwamba latisi yake ni mchemraba wenye nukta kwenye kona na nyingine katikati, tumboni. Si kweli. Kona ni klorini, katikati ni sesiamu, ukisimama kona unaona vingine na ukisimama katikati unaona vingine, kwahiyo katikati haiwezi kuwa nukta ya latisi ileile. Latisi yake ni mchemraba wa kawaida wenye nukta kwenye kona tu, na kikundi ni atomu mbili. Chuma ndo chenye nukta katikati kihalali, kwa sababu atomu ya kona na ya katikati ni chuma kwa chuma. Kinachouma ni kwamba seti yenyewe inajua ukweli: ukifuata kijitabu ukachukua fremu yenye nukta katikati, mkono wa kipande cha kona unafika katikati na kukuta pale tayari kuna klorini ya kipande kingine, atomu mbili zinagombania sehemu moja. Mwanafunzi atadhani amekosea yeye. Mimi nimekata ule mstari kwa kalamu na kuandika sahihi pembeni.

La pili, vipira ni vidogo na vinakaa mbalimbali, kwahiyo huwezi kuona atomu zinavyobanana. Atomu za shaba zinagusana, zinajaza asilimia 74 ya nafasi, chuma 68, mchemraba wa kona tupu 52, almasi 34 tu. Hizo tofauti ndo zinazofanya mtu aelewe mbona almasi ina uwazi mwingi ndani hivo, na kwenye seti zote zinaonekana sawa. Mi nilichukua gololi za ukubwa mmoja nikazipanga kwenye boksi kwa matabaka, inasaidia.

La tatu, meno ya vipande vya almasi yamelegea, viwili vimeanza kuzunguka kwenye matundu yake, na kama nilivyosema kuzunguka ndo kitu ambacho hakitakiwi kutokea hapa. Nimevikaza kwa karatasi nyembamba. Na aina za fremu ni nne tu, mchemraba wa aina tatu na ule wa pembe sita, wakati latisi zote ni 14, mwanafizikia Mfaransa Auguste Bravais alilimaliza hilo mwaka 1848. Nne zinatosha kuanzia ila kwenye boksi wameandika "latisi zote muhimu" na hapo nabishana nao, maana kuna madini ambayo latisi yake haina hata pembe moja ya nyuzi 90.

Kitu kizuri ambacho kijitabu hakikutaja kabisa na mnaweza kukifanya nyumbani: jengeni chumvi, kisha ondoeni kila kijivu na kuweka kijani mahali pake. Ghafla ule mchemraba mkubwa unapotea machoni, unaona michemraba midogo ya kawaida yenye upande nusu, kwa sababu sasa atomu zote ni sawa. Hii iliwahi kutokea kwenye eksirei zenyewe. Baada ya Max von Laue na wenzake kuonyesha mwaka 1912 kwamba fuwele zinatawanya eksirei, William Henry Bragg na mwanae William Lawrence walipima chumvi na kloridi ya potasiamu. Ayoni (atomu iliyopoteza au kuongeza elektroni) ya potasiamu na ayoni ya kloridi kila moja ina elektroni 18, na eksirei inaona elektroni, kwahiyo ilikaribia kushindwa kuzitofautisha na fuwele ikaonekana kama mchemraba mdogo wa kawaida. Kwenye chumvi ni 10 kwa 18, tofauti ikajitokeza. Madoa ambayo eksirei inayaacha kwenye filamu yanakaa wapi, hilo linatoka kwenye latisi, na doa lipi limekolea na lipi limefifia, hilo linatoka kwenye kikundi. Sehemu mbili zilezile tena.

Zile kamba nyekundu za mpira msizitupe. Ni za kuzungushia seli ndogo kabisa, yani kile kiboksi kidogo kinachojirudia kujaza latisi yote, chenye nukta moja tu. Kwenye mchemraba wenye nukta katikati ya nyuso inatoka imelala ubavu, pembe zake nyuzi 60, ujazo wake robo ya mchemraba. Chukueni muda nayo, mara ya kwanza ilinichukua karibu saa nzima kuiona.

Kwa mwanafunzi wa fizikia, kemia au madini, nanunua tena bila kufikiria, na mwalimu mwenye darasa achukue mbili ili apate fremu za kutosha kupanga majirani pande zote. Kwa mtoto mdogo bado, meno ni madogo na yanakatika. Nyota nne kati ya tano, ya tano nimeizuia kwa ajili ya ukurasa wa sesiamu, wakiurekebisha nitakuja kuiongeza. Na wakitoa mfuko wa nyongeza naomba waweke kipande cha barafu kavu: molekuli za kabonidioksidi zinakaa kwenye kona na katikati ya nyuso kama shaba, ila zimeinama pande nne tofauti, kwahiyo latisi inarudi kuwa mchemraba wa kawaida na kikundi kinakuwa molekuli nne, atomu 12. Nilijaribu kukitengeneza kwa vipande nilivyonavyo, jino likanikatalia kwenye nukta ya pili tu.