Taa za ziada kwenye HiAce ya safari: nimezifunga mwenyewe hapa Dodoma

Kuna wanaoniuliza kama zile taa mbili kwenye bampa la HiAce yetu zina kazi au ni urembo. Zina kazi, tena kubwa. Ila kama umetenga Sh 150,000, usiimalize yote dukani kwenye taa. Taa zenyewe nazipa alama za kati tu. Mwanga ninaousifu umetokana na waya, na jinsi nilivyozielekeza.

Gari ni HiAce ya dizeli ya zamani, zile tulizokuwa tukiziita vipanya enzi za kubeba abiria. Siti za nyuma zimeng'olewa. Kuna kitanda, tangi la maji la lita 60, jiko la gesi, na betri ya pili ya taa za ndani na friji ndogo. Tunatembea nayo na familia kwenye njia mbili hasa: kusini kwenda Iringa kupitia Mtera, na kaskazini kwenda Kondoa, tukipita Kolo kwenye michoro ya mapangoni iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, hadi Babati. Njia zote mbili siku hizi ni lami, na lami inakushawishi ukimbie. Giza likishaingia, unakutana na ng'ombe wanaorudi zizini wamechelewa, punda aliyesimama katikati kama barabara ni yake, baiskeli yenye magunia ya mkaa isiyo na hata kiakisi, na lori bovu ambalo onyo lake pekee ni matawi ya miti yaliyotupwa barabarani.

Piga hesabu. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, gari linakata mita 22 kila sekunde. Mpaka ushtuke na mguu ufike kwenye breki ni sekunde moja na nusu hivi, yaani mita 33 zimeshaenda. Breki zikiwa nzima na lami ni kavu, unahitaji mita nyingine 35 kusimama. Jumla ni karibu mita 70, na gari lililosheheni kama letu ningeliongezea. Taa za kawaida zenye vioo vilivyopauka, ukiwa umedimu (umeshusha mwanga, si fulu ya kumulika mbali), hazikuonyeshi punda wa kijivu kwa umbali huo.

Sipendi kuendesha usiku na simshauri mtu. Lakini jua la Dodoma linazama kabla ya saa moja jioni sehemu kubwa ya mwaka, na ukisimama Mtera kununua samaki, ukabadilisha tairi mahali, giza linakukuta njiani upende usipende.

Kwenye duka la vipuri nilionyeshwa taa za LED za aina mbili. Za kwanza zinamulika mbali kwa mwale mwembamba kama tochi ya mlinzi. Za pili zina kioo chenye mistari kinachotandaza mwanga pembeni. Muuzaji alizisifia zile za mwale: "Bosi, hizi zinafika kilomita nzima." Nikachukua zinazotandaza. Huku kwetu hatari haikusubiri mbele kwenye mstari mweupe. Inatokea kichakani, kushoto au kulia. Kwenye pori la kuelekea Mtera, kumwona mbuzi angali chini ya mbuyu, kabla hajaamua kuvuka, kuna faida kuliko kusoma kibao cha kilomita moja mbele. Nililipa Sh 85,000 kwa jozi, pamoja na waya, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na swichi ya mkono ndani ya boksi.

Boksi limeandikwa wati 120 kwa kila taa. Nilipopima injini ikiwa inaunguruma, kila moja ilikuwa inavuta ampea 3 hivi kwenye volti 13.6. Zidisha: ni kama wati 41. Ni kama theluthi moja tu ya zilizoandikwa. Mwanga wenyewe unatosha, sikatai, lakini mnunuzi ana haki ya kuandikiwa ukweli. Usinunue taa za LED kwa namba ya kwenye boksi. Ziombe ziwashwe dukani, na ukiweza, zipimwe.

Waya ndio ulionikera zaidi. Nilikwangua kipande kwa wembe: nyuzi kwa nje nyekundu kama shaba, ndani nyeupe. Ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Unapitisha umeme vibaya zaidi kuliko shaba yenyewe, na ukikunjwakunjwa unakatika. Taa za LED zenye kidhibiti ndani hazififii upesi volti zikishuka, tofauti na glopu za halojeni, kwa hiyo unaweza usishtukie kabisa kwamba waya unapata moto. Niliutupa wote nikanunua waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, rilei nzuri ya pini nne, kishikio cha fyuzi na mpira wa mikunjo wa kuufunika. Vyote kama Sh 40,000, na kati ya pesa zote nilizotoa, hizo ndizo sizionei uchungu hata kidogo.

Sasa rilei. Jirani yangu, fundi mzuri wa injini, alipita akaniambia, "Kaka, ya nini kujisumbua? Unga moja kwa moja kwenye waya wa fulu, umemaliza." Namheshimu, lakini hapo sikumfuata. Ukiunga hivyo, swichi na nyaya za zamani za gari zinabeba mzigo ambao hazikutengenezewa. Rilei inatumia umeme kidogo kutoka kwenye fulu kama ishara tu, halafu umeme mkubwa unatoka kwenye betri: pini 30 inatoka betri kupitia fyuzi, 87 inakwenda kwenye taa, 85 na 86 ni za ishara.

Kwenye Toyota nyingi za zamani kuna jambo ambalo maelekezo ya kwenye boksi hayalisemi. Soketi ya glopu ya H4, ile yenye dimu na fulu pamoja, ina pini tatu. Kwenye magari mengi mengine, pini ya pamoja ni ethi (upande hasi, unaoungwa kwenye bodi la gari), na umeme unaletwa kwenye pini ya dimu au ya fulu. Kwenye HiAce hii ni kinyume: pini ya pamoja ndiyo yenye umeme muda wote taa zikiwa zimewashwa, na swichi ya usukani inachagua ni waya gani uende ethi. Nilichomoa soketi moja ya taa kubwa nikapima kwa testa kabla ya kukata chochote, na ndivyo ilivyokuwa. Ukifunga rilei kwa mchoro wa boksi kwenye gari la namna hii, taa za ziada zitawaka ukidimu na zitazima ukiweka fulu, yaani utampofusha kila anayekuja mbele yako. Dawa yake: 86 iende kwenye pini ya pamoja kupitia swichi yako ya dashibodi, na 85 iende kwenye waya wa fulu, si kwenye bodi. Ukiweka fulu, ule waya unakuwa ethi, rilei inanasa. Ukidimu, taa za ziada zinazima zenyewe, hata kama umeisahau swichi. Pima, usibahatishe.

Fyuzi niliweka ya ampea 10, karibu kabisa na temino ya betri, haizidi shubiri moja. Ikikaa mbele karibu na taa, waya wote wa nyuma yake hauna ulinzi. Ukisuguliwa na chuma cha bodi mpaka ganda litoke, umeme wote wa betri unapita hapo. Kwenye gari lenye godoro na mtungi wa gesi hilo si jambo la kulifumbia macho. Niliupitisha waya mbali na ekzosi, na kila tundu la bodi nililitia raba. Na taa hizi ziko kwenye betri ya injini. Betri ya friji ibaki na kazi yake.

Mabano ya kwenye boksi ni bati jembamba. Nilichonga mengine kwa chuma bapa kwa fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Majengo, nikapaka rangi ya kuzuia kutu, nikafunga kwa nati zenye plastiki ndani. Kutoka lami ya Kolo kupanda kule kwenye michoro ni mawe na mitikisiko, na sijakuta nati iliyolegea.

Kuelekeza taa ndipo wengi wanapoharakisha. Gari la kulala lina uzito nyuma: tangi likijaa, mkia unakaa chini na pua inainuka, na mwanga unapanda mpaka machoni pa watu. Nilijaza maji, nikapakia mtungi na masanduku, mke wangu na watoto wakakaa ndani, tukasimama jioni mita 10 kutoka kwenye ukuta, sehemu tambarare. Nikaupima urefu wa taa kutoka ardhini, nikaubandika ukutani kwa selotepu, halafu nikashusha kitovu cha mwanga kikae upana wa kiganja chini ya alama. Zote mbili nimezigeuza nje kidogo. Mwanga wa mbali niliuachia fulu ya gari.

Barabarani tofauti inaonekana mara moja. Kingo zote mbili za lami ziko wazi, na macho ya mifugo yanang'aa pembeni mapema, ukiwa na muda wa kuondoa mguu kwenye mafuta bila kukanyaga breki kwa ghafla. Kuna mambo mawili ya kuzoea. Ukidimu kwa ajili ya anayekuja, giza linalokupokea ni zito kuliko zamani kwa sababu macho yamezoea mwanga mwingi. Mimi napunguza mwendo kwanza, ndipo nadimu. Na nyuma ya lori linalotimua vumbi, zizime kabisa. Mwanga mweupe unagonga vumbi unarudi usoni. Kama zingekuwepo za rangi ya njano ningezichukua, maana vumbi la kwetu si la siku moja.

Kasoro ambayo bado sijaimaliza ni redio. Nikiziwasha, TBC Taifa inaingia mkoromo, hasa tukiwa mbali na mji. Chanzo ni vidhibiti vya bei rahisi ndani ya taa. Kuuhamisha waya wa taa mbali na waya wa antena kumepunguza nusu hivi. Maji hayajaingia, ingawa nilizipiga kwa mpira wa kuoshea gari makusudi kabla ya kuziamini. Boksi linasema IP67, yaani hazipitishi vumbi wala maji hata zikizamishwa kwa muda mfupi. Mpira haupimi hilo lote, lakini mpaka sasa sina la kulalamika.

Nikinunua tena nitachukua taa zinazotandaza, za njano, zisizo na waya ndani ya boksi kama zipo, ili ile pesa iende kwenye shaba.