Monita ya mtoto ndani ya meli ya Ziwa Nyasa: uzoefu wangu

Monita hii niliinunua kwa ajili ya nyumba yetu ya Uyole. Chumba anacholala mtoto kiko upande wa nyuma, jiko la kuni liko uani, na ikifika mwezi wa sita baridi ya Mbeya inatulazimisha kufunga kila dirisha. Mtoto anaweza kulia mpaka sauti ikamkauka, na wewe uko hatua chache tu unapakua chakula. Nililipa karibu laki mbili pale Mwanjelwa. Kampuni siitaji, kwa sababu monita za aina hii zinauzwa kwa majina mengi na ukizifungua ni zilezile: kamera ndogo yenye antena, na skrini ya kushika mkononi. Nyumbani sina la kulalamika. Ninachotaka kueleza ni ilivyofanya kazi ndani ya meli, maana kabla ya safari nilitafuta maelezo ya Kiswahili na sikuyapata.

Safari yenyewe ilikuwa ya ukoo: sisi na mtoto wetu wa miezi minane, wakwe zangu wote wawili, pamoja na shemeji yangu na mkewe ambao nao wana mtoto mchanga. Tulipanda meli bandari ya Kiwira, kule Kyela, kwenda Mbamba Bay kwa kupitia Lupingu, Manda na Liuli. Njia hii inapita chini ya Milima ya Livingstone, na nawasihi watu wa Mbeya msife kabla hamjaiona. Lakini ni safari ndefu, ya kulala majini, na meli inasimama hata usiku kupakia na kushusha mizigo. Mtoto analala saa moja jioni, watu wazima bado hawajala.

Monita ziko za namna mbili, na kwenye meli tofauti yake ni kubwa. Ya shemeji ni ya waifai: picha unaiona kwenye simu, safi kuliko yangu, na ukiwa kazini Dar es Salaam unaweza kumwona mtoto aliyelala Mbeya. Inategemea mtandao. Tulipoacha Kiwira nyuma mtandao ukawa unakuja na kupotea, na simu yake ikabaki inazungusha kile kiduara. Yangu haijui intaneti. Kamera na skrini vinazungumza vyenyewe kwa mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, vikirukaruka kutoka masafa haya kwenda yale ili kukwepa mwingiliano, na skrini inasikia kamera yake peke yake. Katikati ya ziwa iliwaka kama ilivyowaka Uyole. Usiku ule familia mbili zilitegemea monita moja, watoto wote wawili wakalazwa chumba kimoja.

Sasa kuhusu umbali. Kwenye boksi wameandika mita 300 mahali pa wazi na mita 50 ndani ya nyumba. Meli si nyumba. Kuta ni chuma, mlango chuma, dari na sakafu chuma, na mawimbi ya redio hayapenyi chuma. Yanachungulia pale penye uwazi tu, dirishani au kwenye upenyo wa mlango. Tukiwa tumekaa kwenye sitaha nje ya chumba chetu, picha ilikuwa nzuri hata mlango ukiwa umefungwa. Nilipozunguka kuelekea nyuma ya meli, kona moja tu, picha ikakatika. Kushuka ngazi kwenda chini ndiyo kabisa. Wanaopanda meli kubwa za kitalii baharini wanakutana na chuma hichohicho, kwa hiyo anayefikiri atamlaza mtoto ghorofa moja na kwenda kula ghorofa nyingine asinunue kifaa hiki kwa matumaini hayo. Kinafaa pale unapokaa nje ya mlango, ukaongea na watu bila kunong'ona, ukala wali wa Kyela na samaki wa mbasa ukiwa wa moto.

Chuma hicho kina faida yake pia. Meli inayumba, hivyo kamera haiwekwi tu juu ya rafu. Fundi redio wa Mwanjelwa alinipa sumaku ya spika kuukuu, nikaifunga chini ya kamera kwa mpira, ikang'ang'ania ukutani upande wa miguu ya kitanda. Waya wake niliupitisha mbali. Ushauri wa usalama ni waya wa kamera uwe angalau mita moja kutoka alipolala mtoto, kwa sababu watoto wa umri huu wanavuta kila kitu na waya unaweza kumnyonga. Hapo sibishani na mtu yeyote, hata chumba kiwe kidogo namna gani.

Chandarua kilitusumbua. Kyela na mwambao wote wa ziwa una mbu, na mtoto halali bila neti. Lakini giza likiingia kamera inawasha mwanga wake wa kuonea gizani, wa infraredi, mwanga unagonga neti na kurudi kwenye lenzi, na skrini inakuwa nyeupe tupu. Dawa ilikuwa kuacha taa ndogo ya ukutani ikiwaka. Kamera ikiona mwanga wa kutosha inabaki kwenye picha ya rangi, haiwashi infraredi, na mtoto anaonekana ndani ya neti vizuri tu.

Kengele ya joto nayo ilibidi nipange upya. Mbeya mjini tuko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ziwa halifiki hata mita 500. Nilikuwa nimeipanga ilie joto likizidi nyuzi 26, kiwango ambacho chumba chetu cha Uyole hakikaribii. Ndani ya meli ililia kabla hata hatujang'oa nanga.

Injini ndiyo iliyonipa kazi zaidi. Monita hizi zina hali ya kulala: skrini inazima, inaamka ikisikia sauti. Kwa mngurumo wa injini yangu haikulala hata kidogo. Ukishusha usikivu, inanyamaza kwa injini lakini mtoto akianza kunung'unika taratibu nayo inanyamaza vilevile. Nikaamua skrini iwake muda wote, niangalie vile vitaa vya sauti pembeni: injini inawasha viwili, kilio kinavipandisha vyote. Kwa matumizi hayo betri ilitoka chakula cha jioni ikafika kama saa sita usiku. Chaja yake ni ya USB, kwa hiyo pawabenki inatosha, na bila pawabenki nisingeipeleka melini.

Kuna jambo moja ambalo watengenezaji hawakulifikiria. Mchana mtoto alilala kwenye chumba alichokuwa akipumzikia baba mkwe, na kwa heshima ya Kinyakyusa mkwe wa kike haingii alipo baba mkwe. Kamera tuliielekeza kwa mtoto peke yake. Nilimwona mwanangu anavyopumua, anavyogeuka, bila kumsumbua mzee na bila kutuma mtu kila dakika aende kuchungulia. Kwa hilo peke yake niliona laki mbili zangu zimerudi.

Usiku, mama mkwe alisema, "Mwanangu, hiyo tivii yako ni nzuri, lakini maji hayana simu." Sisi sote tumekua tukisikia habari za kuzama kwa MV Bukoba, mwezi wa tano 1996. Alilala chumbani na wajukuu zake, majaketi ya kuokolea ya watoto yakiwa kando ya mto wa kulalia, na mimi nikabaki na skrini mlangoni. Nakubaliana naye moja kwa moja. Monita inakuambia mtoto ameamka. Haimbebi, na haizuii hatari yoyote ya usingizini.

Naipa nyota nne. Ukienda kununua, mwambie muuzaji awashe vyote viwili, kisha azime kamera ghafla, uone skrini inafanya nini. Yangu ikipoteza kamera inapiga kelele baada ya sekunde chache, na melini sauti hiyo ndiyo iliyonirudisha mbio kila nilipovuka ile kona. Kuna nyingine zinabaki kimya na picha ya mwisho imeganda, mtoto anaonekana amelala salama. Hiyo iache hapohapo kaunta.