Flashi ya betri kwa picha za watu kando ya ziwa: uzoefu wangu na Godox AD200Pro

Napiga picha za watu, na sehemu kubwa ya kazi yangu iko nje ya studio: wahitimu wa Nyegezi wanaotaka miamba nyuma yao, maharusi wanaotaka ziwa, familia za Ilemela zinazotaka kupigwa uani kwao, bibi akiwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe. Kwa kazi ya namna hii ushauri wangu ni mmoja: nunua flashi moja ya betri yenye nguvu kabla hujafikiria seti ya taa tatu. Mimi natumia Godox AD200Pro. Naeleza hapa kwa nini imenifaa Mwanza, na nguvu zake zinaishia wapi.

Tuanze na jua, maana ndilo linaloamua kila kitu. Sisi tuko chini kidogo tu ya ikweta, kwa hiyo mchana jua linakaa utosini mwaka mzima, na kwa kuwa Mwanza iko magharibi mwa nchi, utosi huo unakuja karibu saa saba, si saa sita. Saa hizo macho ya mtu yanageuka mashimo mawili meusi. Mpigapicha mwenye nafasi atasubiri jioni. Lakini wahitimu wanatoka ukumbini saa saba hiyo hiyo, na wazazi waliotoka Sengerema au Ukerewe wanawahi usafiri wa kurudi. Huwezi kuwaambia wasubiri mwanga mzuri.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwenye jua kali, ukiwa ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga) na shata 1/200 ya sekunde, unahitaji tundu la lenzi la takriban f/11 (namba ikikua, tundu linabana) ili anga na ziwa visiungue. Flashi yako lazima itoe mwanga wa kutosha f/11 hiyo usoni mwa mtu, tena ikiwa ndani ya softboksi, yaani boksi la kitambaa la kulainisha mwanga, inayomeza sehemu ya mwanga huo. Flashi ndogo ya juu ya kamera, ile ya betri nne ndogo kama za rimoti, haifiki hapo ukishaivisha softboksi. AD200Pro ina nguvu ya wati-sekunde 200, yaani kipimo cha nguvu ya pigo moja la flashi. Nikiisogeza karibu, kama mita moja kutoka usoni, nikaifungulia nguvu kamili, inasimama na jua. Nikirudi mita mbili, mwanga unaofika ni robo tu ya ule wa mwanzo, na jua limeshanishinda. Kwa hiyo ni taa ya mtu mmoja, au wawili waliokaribiana. Kundi la watu kumi saa saba mchana linataka flashi ya wati-sekunde 600, ambayo uzito wake unakaribia kilo tatu, na hapo tena neno la kubebeka linaanza kuwa gumu. Kundi kama hilo mimi nalihamishia kivulini.

Kuna wanaotaka kufungua tundu la lenzi zaidi ili mandhari ya nyuma ilainike, na wanategemea ile hali ya flashi inayoruhusu shata kwenda hadi 1/8000. Inafanya kazi, na AD200Pro inayo. Ila gharama yake ni nguvu: flashi inalazimika kumulika kwa mapigo mengi ya haraka badala ya pigo moja kubwa, na unapoteza kama stopu mbili (kila stopu ni nusu ya mwanga). Mchana sitaki kupoteza hata moja. Nafunga filta ya ND, kioo cheusi cha kupunguza mwanga, ya stopu tatu mbele ya lenzi, shata inabaki 1/200, na f/11 yangu inakuwa f/4. Mandhari ya nyuma inalainika, uso unabaki mkali, na flashi inatoa nguvu yake yote.

Adui wa pili ni upepo. Nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, basi kuanzia mchana upepo unatoka ziwani kuja kwetu, na alasiri pale Capri Point au kwenye mawe ya Kamanga, karibu na Jiwe la Bismarck, unaweza kuangusha stendi yoyote isiyoshikwa. Mwavuli mweupe, ambao ni mzuri sana ndani ya nyumba, huko nje unapinduka. Ninachotumia ni softboksi ya pembe nane, sentimita 65, inayofunguka haraka, na dogo ninayefanya naye kazi anaishika kwa mkono juu ya fimbo. Ndiyo maana uzito ni jambo la msingi kwangu. AD200Pro pamoja na betri na kichwa chake ni karibu kilo moja. Mtu anaweza kuinyanyua juu ya mwamba kwa muda bila mikono kutetemeka. Softboksi zenye mlango wa Bowens, aina ya kifungio cha kuishika softboksi kwenye taa, zinahitaji bano la S2, kishikio cha kuunganisha, maana flashi yenyewe ni tofali bapa lisilo na mlango huo. Usilisahau bano hilo kwenye bajeti.

Sasa ngozi, na hapa ndipo napenda kukaa. Ngozi nyeusi inaonyesha umbo lake kwa mng'aro: ule mstari wa mwanga juu ya shavu, kwenye paji la uso, kwenye bega la bibi harusi. Taa ndogo iliyo wazi inaacha kidoa cheupe kikali, na mtu anaonekana ametoka jasho. Taa pana iliyo karibu inautandaza mng'aro huo, na shavu linajaa. Wengine wakiona uso wa mteja mweusi wanaongeza nguvu ya flashi mpaka rangi yake inapauka. Hilo naliona ni kumkosea mtu heshima. Bibi mmoja aliponiambia, "Mjukuu wangu, usinifanye mweupe," nilimjibu kwamba hata mimi sitaki. Naiweka taa ubavuni, juu kidogo ya macho, kisha naigeuza ili ukingo wa mwanga ndio umguse, siyo katikati yake. Kwa namna hiyo hata shela haiungui, kwa sababu mwanga mkali zaidi unapita mbele yake.

Taa za LED za kuwaka muda wote nazo nimezijaribu kando ya ziwa, kwa kuazima. Mchana hazishindani na jua. Usiku tatizo ni wadudu: vile vijidudu vya ziwani vinaifuata taa na kujaa hadi usoni mwa mteja. Flashi inamulika mara moja na kuzima, haiwapi nafasi. Kwa video sina ubishi, LED ndiyo yenyewe.

Picha za usiku ninazozipenda zaidi zina wavuvi wa dagaa nyuma. Zamani walitumia karabai, siku hizi wengi wana taa za LED, na giza likikolea ziwa lote linajaa nukta za mwanga. Kamera inakaa kwenye stendi, shata nusu sekunde ili taa zile ziingie, na flashi kwa nguvu ndogo inamshika mteja akiwa ametulia. Panga siku zisizo na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hawatoki.

Kuhusu umeme: betri moja inatoa mapigo kama 500 ya nguvu kamili, na hakuna pigo linalosubiriwa zaidi ya sekunde mbili. Kwa mahafali ya siku nzima betri moja inanitosha, ila ya pili naibeba kwa sababu umeme unaweza kukatika usiku wa kuchaji. Kila moja ni kama wati-saa 42, chini ya kiwango cha 100 cha ndege, kwa hiyo ukienda Dar utaingia nayo kwenye begi la mkononi.

Triga, kile kifaa cha juu ya kamera kinachoiamuru flashi kwa mbali, inanunuliwa kwa jina la kamera yako: herufi C kwenye jina lake ni ya Canon, N ya Nikon, S ya Sony. Ukinunua flashi iliyotumika, fungua kichwa cha balbu wazi uitazame: ikiwa kioo kimeanza kuwa cheusi, balbu imechoka na bei ishuke. Halafu ipige mfululizo kwa nguvu kamili ukiwa hapo hapo na muuzaji, kamera mkononi, uone kama kila picha inatoka na mwanga uleule.