Protekta ya Maji na Vumbi la Chunya

Nilikaa na protekta ya maji, ile dawa inayopakwa kwenye skrini ya simu, miezi minne na nusu, kwa hiyo haya siyo ya kusikia kwa jirani. Nililipa shilingi 25,000 Mwanjelwa, Mbeya mjini, pamoja na kupakwa. Kwenye kibanda hicho hicho protekta ya kioo ilikuwa 5,000, nikaidharau.

Kilichoniponza ni maonyesho. Kijana alishika simu yake, akachomoa funguo kiunoni, akaikwangua skrini hadi meno yangu yakaingia ganzi. Akapitisha kidole: hakuna mstari. Akachukua betri kubwa ya tochi, akaigonga nayo mara tatu. "Umeona, dada? Hii haibandikwi, inaingia kwenye kioo chenyewe. Kinakuwa 9H." Wateja wawili waliokuwa wanasubiri simu zao wakaguna kwa kukubali. Nikatoa hela.

Upakaji wenyewe haukuchukua muda. Alifuta kwa kitambaa chenye spiriti, akadondosha matone machache kutoka kwenye kichupa kidogo kuliko cha dawa ya macho, akasambaza, akaniambia nisiguse kwa dakika kumi na isilowe hadi kesho yake. Akanipa kadi ya waranti ya miezi sita na kichupa chenye matone yaliyobaki.

Wiki za mwanzo nilimsifia kila mtu. Kidole kinateleza kama kwenye simu mpya, alama za mafuta zinafutika kwa upindo wa khanga, tone la maji linajikunja kama shanga na kuondoka. Kwa mtu anayetaka skrini iwe safi tu, hilo linafanya kazi kweli na sitalikana.

Tatizo ni kazi yangu. Mimi ni karani kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, Makongolosi wilayani Chunya. Nahesabu viroba vya mawe vinavyoingia, napiga picha namba zake, namtumia bosi aliyeko Mbeya mjini. Dhahabu ya Chunya inakaa kwenye mwamba wa kwatsi, na karasha ikishausaga, unga wake mweupe unakaa popote: kwenye chai, kwenye kope, na zaidi ya pote kwenye mfuko wa aproni ninapoweka simu. Wiki ya nne, nikiwa nje juani nasoma ujumbe, nikaona mistari membamba kama nywele upande wa chini kulia, pale dole gumba linaposhinda. Nikafuta. Haikutoka.

Alikuja pale kijana mmoja mjiolojia kuchukua sampuli. Nikamwonyesha simu, akacheka hadi akakaa juu ya kiroba. "Dada yangu, 9H ni penseli!" Kumbe kuna kipimo cha kukwaruza rangi na varnishi kwa penseli, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote humo. Mawe yana kipimo kingine, cha Mohs, kutoka 1 ya talki hadi 10 ya almasi. Kioo kinakaa kati ya 5 na 6 hivi, kwatsi ni 7. Funguo za shaba hazifiki hata 4. Kwa hiyo funguo hazikwaruzi kioo, kiwe kimepakwa dawa au hakijapakwa, bali huu unga wetu unakikwaruza hata ukiufuta kwa upole.

Jioni nikatoa simu yangu ya zamani, ambayo haijawahi kupakwa chochote, nikaikwangua kwa funguo za nyumba kama alivyofanya yule muuzaji. Hakuna mstari. Nilijisikia mjinga, nikaenda kupika.

Kinachochekesha zaidi ni maandishi ya kichupa: dioksidi ya silikoni. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye kwatsi. Nililipa 25,000 nipakwe kitu cha ukoo mmoja na vumbi ninalolikimbia, tena utando wenyewe ni mwembamba mno, unapimwa kwa nanomita. Utando wa namna hiyo utazuia nini simu ikianguka?

Ikaanguka. Mwezi wa tano tangu nipakwe, nashuka kwenye Noah stendi ya Chunya, ilichomoka mkononi ikatua kwa kona kwenye zege. Ufa ulianzia kwenye kona na kupita katikati ya ile mistari. Mjiolojia alikuwa ameshaniambia kwamba kioo hupasukia pale kilipokwisha jeruhiwa, hata kwa mkwaruzo usioonekana. Nikarudi na kadi yangu ya waranti Mwanjelwa. Muuzaji akaigeuza, akanionyesha herufi za nyuma ambazo ningehitaji miwani ya bibi kuzisoma: kona hazihusiki. Sasa simu huanguka kwa wapi kama siyo kwa kona? Kubadilisha kioo kulinigharimu 85,000, na siyo kwake.

Sasa natumia protekta ya kioo, ya unene wa milimita 0.33. Imeshapasuka mara mbili, moja ilidondoka kwenye mizani, na mara zote mbili skrini ya chini ilibaki nzima. Ndiyo kazi yake, kufa badala ya mwenzake. Mikwaruzo inapata pia, lakini ya kwake naibandua na kuitupa. Nabandika mwenyewe, bafuni, baada ya kuoga maji ya moto, mvuke ukishaliangusha vumbi. Mbeya ya mwezi wa sita hakuna anayehitaji kushawishiwa kuhusu maji ya moto. Ukibandikiwa barabarani daladala zikipita, andaa roho kwa chembe na mapovu.

Wenye simu za skrini iliyopinda pembeni nawaonea huruma, maana kioo bapa kama changu hakikai vizuri pale. Mdogo wangu wa Uyole aliwekewa ile ya gundi inayokaushwa kwa taa ya urujuanimno (UV), gundi ikaingia kwenye spika ya sikioni, sasa anaongea kwa spika kubwa na mtaa mzima unajua habari za mchumba wake.

Matone yaliyobaki kwenye kichupa alichukua mume wangu, akapaka kioo cha helmeti yake. Wiki iliyopita alipanda mlima wa Kawetire kwa pikipiki kwenye mvua, akafika nyumbani anasifia jinsi maji yalivyokuwa yanateleza, na akaniuliza kile kichupa kinauzwa wapi.