Sura au menyu: DVD ya mafunzo irudiwe vipi?

Anayejifunza kusuka ana mafuta mikononi. Anataka kubonyeza mara moja tu aone tena vidole vinavyoanza twende kilioni.

Ukiikata video kwa sura, yaani vipande vyenye alama ya mwanzo (mwisho 99 kwa taito moja, yaani video moja ndani ya DVD), kitufe cha kurudi nyuma kwenye rimoti kinampeleka mwanzo wa hatua. Kazi ndogo, na hata deki za bei poa huielewa. Ila hatua ikiisha, video inasonga bila kumngoja.

Menyu yenye "Rudia" baada ya kila somo inamngoja. DVDStyler, programu ya kompyuta ya kutengeneza DVD na menyu zake, ni ya bure, lakini jioni nzima itaishia kujaribu vitufe, na ukikosea kimoja, DVD-R haifutiki: unachoma nyingine. Kwa anayejifunza peke yake, menyu. Mwalimu mwenye rimoti darasani, sura zinamtosha.